Mwenye Kifafa na Hatari ya Hiari

Hatari za maisha ni za namna mbili. Ipo hatari inayomfuata mtu mahali alipo, kama maradhi, radi na njaa. Na ipo hatari inayofuatwa na mtu mahali ilipo, kama kilele cha mlima, kina cha bahari na mbio za nyikani. Ya kwanza huitwa msiba, na aliyepatwa nayo huhurumiwa. Ya pili huitwa ushujaa mtu akirudi salama, na huitwa upumbavu asiporudi. Watu wengi hukutana na hatari hizi kwa nyakati mbalimbali. Lakini wapo wachache ambao huzikuta zote mbili katika mwili mmoja na saa moja: ni wale wenye kifafa wasiokubali kuacha mchezo wa hatari walioupenda. Juu yao swali moja huulizwa na wazazi, na waume na wake, na madaktari, na wenzi wa safari: Je, ni haki mtu ambaye mwili wake waweza kumsaliti wakati wowote, kuupeleka mwili huo mahali ambapo usaliti wa dakika moja ni kifo?

Swali hili si jepesi kama linavyosikika. Wanaojibu upesi kwamba si haki, aghalabu hujibu kwa hofu. Na wanaojibu upesi kwamba ni haki, aghalabu hujibu kwa kiburi. Hofu na kiburi ni mizani mbovu zote mbili: moja huzidisha uzito, na nyingine huupunguza. Anayetaka kupima kwa insafu hana budi kwanza kukijua kitu kinachopimwa.

Jina la kifafa katika Kiswahili linasikika kama mtoto wa neno kufa. Mtu huanguka, hukakamaa, macho hugeuka, pumzi hukwama, povu hutoka. Na baada ya dakika chache huamka amechoka, asijue lililompata. Yapata miaka 2,400 iliyopita, katika maandishi ya Kiyunani yanayohesabiwa pamoja na kazi za Hippocrates, ilielezwa kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine, wala hautoki kwa mizimu, bali una asili yake katika ubongo. Elimu ya leo imethibitisha neno hilo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaokwenda kwa taratibu. Taratibu ikivurugika ghafula na umeme ukafurika, fahamu hupotea au viungo hutikisika. Si kila kifafa ni cha kuanguka. Kipo kinachomfanya mtu akodoe macho kwa nukta chache tu kisha aendelee na maneno yake. Kipo kinachokuja usingizini peke yake. Na kipo kinachotanguliwa na dalili, kama harufu ngeni au hofu isiyo na sababu. Tofauti hizi ni jambo kubwa katika maswali ya adili, kwa maana mtu aliyepewa onyo la dakika mbili hayuko sawa na mtu asiyepewa onyo lolote.

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba watu kama milioni 50 wana kifafa, na kwamba karibu watu 80 katika kila 100 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba watu hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangechunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Afrika ya Mashariki inazijua habari hizi kwa macho yake. Huko Mahenge, katika nchi ya Wapogoro, tabibu Louise Jilek-Aall alianza kuwatibu wenye kifafa katika mwanzo wa miaka ya 1960. Aliwakuta watu waliotengwa katika kula na kulala, na wengi wakiwa na makovu makubwa ya moto. Makovu hayo yafaa yakumbukwe mpaka mwisho wa hoja hii. Hayakupatikana mlimani wala baharini. Yalipatikana jikoni, kando ya mafiga, katika nyumba ambayo kila mtu huiita salama.

Baada ya ugonjwa, mchezo. Kwa muda mrefu madaktari waliwakataza wenye kifafa karibu kila mchezo wenye purukushani. Mwaka 1968 chama cha madaktari wa Marekani kilishauri kwamba wasiingie katika michezo ya kugongana miili; mwaka 1974 shauri hilo lilibadilishwa, kwa kuwa ilionekana kwamba michezo mingi haiongezi kuanguka, na kwamba kukaa bure nako kuna madhara yake. Mwaka 2016 kamati ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa iligawa michezo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni michezo isiyoongeza hatari ya kutajika, kama mbio nyingi za uwanjani na mpira. La pili ni michezo yenye hatari ya kadiri kwa mchezaji mwenyewe, kama kuogelea na kupanda baiskeli. La tatu ni michezo yenye hatari kubwa kwa mchezaji, na mingine kwa watu walio karibu naye pia: kupanda majabali, kuzamia kwa mtungi wa hewa, kuruka kwa parachuti, mashindano ya motokaa, kusafiri peke yake kwa tanga, na kuteleza juu ya mawimbi. Sababu ya mgawanyo huu si ukali wa jasho. Kazi ya misuli peke yake huleta kifafa kwa nadra. Vinavyokiita zaidi ni dawa iliyosahauliwa, usingizi uliokatwa na pombe. Sababu ni mahali. Aliyeanguka uwanjani huangukia majani, aliyeanguka majini huangukia maji, na aliyeanguka jabalini huangukia hewa.

Mifano miwili ya watu wanaojulikana itasaidia fikira. Wa kwanza ni Marion Clignet, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Kifaransa. Mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 22, aliambiwa kwamba ana kifafa, na ruhusa yake ya kuendesha motokaa ikasimamishwa. Alihitaji kwenda kazini; akapanda baiskeli. Baiskeli ya haja ikageuka baiskeli ya mashindano. Akaja kuvaa rangi za Ufaransa, akawa bingwa wa dunia mara kadhaa, akapata nishani ya fedha katika michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na nyingine ya Sydney mwaka 2000. Katika habari hii liko jambo la kuchekesha na la kufundisha pamoja: sheria ilimwondoa katika gari kwa ajili ya usalama, na usalama huo ukampeleka barabarani juu ya magurudumu mawili.

Wa pili ni Diane Van Deren, mwanamke wa Marekani aliyekuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Utotoni alipatwa na degedege refu. Miaka mingi ikapita kimya, kisha kifafa kikamjia akiwa na mimba ya mtoto wake wa tatu. Yeye alikuwa miongoni mwa wenye kupewa onyo. Alipohisi dalili inakuja, alivaa viatu, akatoka nyumbani, akakimbia njia za msituni. Na alieleza kwamba mbio hizo zilimwepusha na kuanguka. Hali ilipozidi, mwaka 1997 alipasuliwa, na sehemu ya ubongo wake wa upande wa kulia ikaondolewa. Kifafa kikakoma. Lakini alilipa gharama: kumbukumbu yake ilidhoofika, hesabu ya saa ikampotea, na ramani ikawa fumbo kwake. Baada ya hapo akaingia katika mbio ndefu mno. Mwaka 2008 alishinda mbio za maili 300 katika baridi kali ya Yukon, kaskazini mwa Kanada, akiburuta mzigo wake juu ya theluji. Na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza njia ya maili 430 ya mashindano hayo.

Watu wapendao hadithi njema husimulia habari za Van Deren kama ushahidi kwamba nia hushinda ugonjwa. Huo si usimulizi wa insafu. Mbio za Yukon zilikuja baada ya kisu cha tabibu kuondoa kifafa. Haziwezi kuwa hoja kwa mtu ambaye kifafa chake bado kinaishi. Sehemu iliyo ngumu ni ile ya kwanza: mama wa watoto watatu, aliyehisi ugonjwa unakuja, akatoka peke yake kwenda msituni. Tabibu yeyote angesema kwamba msitu si mahali pa mtu anayekaribia kuanguka. Yeye angejibu kwamba msitu ndipo mahali asipoanguka. Tabibu anasema kwa hesabu ya watu maelfu. Mgonjwa anasema kwa hesabu ya mwili mmoja. Methali husema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa methali hiyo mgonjwa anastahili kusikilizwa. Walakini mtu akilala katika kitanda kimoja maisha yake yote, huenda asijue kwamba kunguni wa usiku mmoja si kunguni wa usiku mwingine. Kutokuanguka mara 100 hakumwahidi mtu mara ya 101.

Sasa yafaa hoja ya wanaokataza isikilizwe kwa ukamilifu wake, kwa kuwa ni hoja ya watu wenye mapenzi. Mama anayemzuia mwanawe kwenda mlimani hamfanyii uadui. Yeye ndiye aliyemwona akianguka. Mwana mwenyewe hakuona, kwa maana siku ile hakuwapo. Hili ni jambo la ajabu katika kifafa: mwenye ugonjwa ndiye mtu pekee chumbani asiyeshuhudia ugonjwa wake. Huamka akakuta nyuso zenye machozi, akahadithiwa. Basi hofu ya jamaa haitoki katika ujinga. Wao wana maarifa ambayo mgonjwa hana. Mtu anayesema kwamba mwili ni wake na kwa hiyo shauri ni lake peke yake, amesahau kwamba mwili huo, katika saa zake mbaya kabisa, umekuwa mikononi mwa wengine. Wao walimgeuza ubavu, wao walimfungua shingo ya nguo, wao walihesabu dakika.

Lakini hoja hii ina kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni kudhani kwamba kinyume cha hatari ni nyumba. Makovu ya Mahenge yamekwisha kujibu. Tena hata kitandani hapana ahadi: wataalamu wanakisia kwamba katika kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, kama mmoja kila mwaka hufa ghafula, mara nyingi usiku, bila ajali yoyote. Nyumba ni salama zaidi kuliko jabali, hapana shaka. Lakini haina usalama ule unaotangazwa wakati mtu anapotakiwa kutoa maisha yake yote kuwa bei yake. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Anayekataza huhesabu siku zitakazookolewa, asihesabu kilichomo ndani ya siku hizo. Kwa mtu mmoja mlima ni matembezi. Ukiondolewa, atapata matembezi mengine. Kwa mwingine mlima ni mahali pekee ambapo yeye si mgonjwa. Chini ya mlima anaitwa mwenye kifafa; juu ya mlima anaitwa kwa jina lake. Kumnyang'anya mahali hapo ni kumfanya awe mgonjwa saa zote 24, na huo nao ni ugonjwa ambao hauandikwi katika cheti cha hospitali.

Wanaotetea uhuru hupenda kumtaja John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, ambaye katika kitabu chake juu ya uhuru, kilichotoka mwaka 1859, alifundisha kwamba jamii haina haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe. Nguvu hutumika kwa haki pale tu anapowadhuru wengine. Mill alitoa mfano wa daraja bovu. Mtu akikaribia kulivuka, na hapana nafasi ya kumwonya, yajuzu kumshika na kumrudisha, kwa sababu hakutaka kuanguka mtoni. Lakini kama kuanguka si hakika, bali ni hatari tu, mwenyewe ndiye mwamuzi: aonywe, asizuiwe. Hapo watetezi wa uhuru hufunga kitabu na kushangilia. Wangesoma maneno yanayofuata kwa makini wangenyamaza kidogo. Mill aliweka masharti: isipokuwa mtu huyo ni mtoto, au amerukwa na akili, au yu katika hali isiyomruhusu kutumia fikira zake kamili.

Hapo ndipo fundo la swali zima. Mwenye kifafa akiamua asubuhi kupanda jabali, ana akili zake zote. Hapana mtu mwenye haki ya kumwita mtoto au mwendawazimu. Lakini saa sita mchana, kifafa kikimshika, hayupo tena wa kuamua. Aliyefunga kamba alikuwa na hiari. Anayening'inia katika kamba hana. Basi mtu wa asubuhi amemwamulia mtu wa mchana, ambaye hawezi kukubali wala kukataa. Je, ana haki hiyo? Yaelekea anayo, kwa maana kila mtu huamulia nafsi yake ijayo. Nahodha anayetweka tanga kwa pepo za alfajiri humwamulia nahodha wa jioni, atakayekutana na dhoruba. Kijana anayeoa humwamulia mzee. Mtu asiyethubutu kuiamulia nafsi yake ya kesho hawezi kuahidi lolote, na mtu asiyeweza kuahidi hana heshima ya utu uzima. Lakini haki ya kuamulia ni haki ya mlezi, si haki ya bwana. Mtu wa asubuhi ni mlezi wa mtu wa mchana. Mlezi huweka akiba, huweka kinga, hutafuta wa kumshika mtoto akianguka. Anayepanda bila dawa aliyopewa, baada ya usiku usio na usingizi, hajatumia uhuru wake. Amemtelekeza aliye chini ya ulezi wake.

Tena hoja ya uhuru ina mpaka mwingine, na mpaka huo ni kamba yenyewe. Wapanda majabali hufungana wawili wawili. Mmoja hupanda, mwingine hushika kamba. Akianguka wa juu, wa chini humzuia. Kisha wa chini hupanda, na wa juu humshika. Hebu ifikiriwe saa ambayo mwenye kifafa ndiye mshika kamba. Mikono yake ikifunguka, anayekufa si yeye. Kadhalika wazamiaji huenda wawili wawili, na mmoja akitikisika chini ya bahari, mwenzake ana njia mbili mbaya: kumwacha, au kupanda naye kwa haraka inayoweza kumpasua mapafu. Sheria ya Uingereza juu ya magari inaifahamu tofauti hii. Kwa kawaida mwenye kifafa huweza kuendesha gari dogo baada ya miezi 12 bila kuanguka; lakini kwa lori au basi la abiria hutakiwa miaka 10 bila kuanguka na bila dawa. Ugonjwa ni ule ule, na dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni hesabu ya watu ambao roho zao zimo mkononi mwake.

Hata mlima wa Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ambao hauhitaji kamba katika njia zake za kawaida, una watu wake wanaosahauliwa. Mgeni akiugua karibu na kilele, hashuki kwa miguu yake. Waongozi na wapagazi ndio wanaomteremsha, usiku, katika baridi, juu ya mawe yanayoteleza. Wao hawakuja mlimani kutafuta utukufu. Walikuja kutafuta ada ya shule ya watoto wao. Mgeni aliyeficha ugonjwa wake katika hati ya kujiandikisha amewatia katika hatari ambayo hawakuulizwa. Hapo haisaidii kusema kwamba kila mlima una hatari zake na mpagazi anazijua. Mpagazi anaijua hatari ya mlima. Hakuambiwa hatari ya mtu.

Kwa hiyo jambo linalobatilisha hiari si kifafa, bali ni siri. Hatari iliyosemwa yaweza kugawanywa. Aliyeambiwa aweza kusema ndiyo, au la, au ndiyo kwa masharti. Hatari iliyofichwa humfanya mwenzi kuwa chombo. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na methali hii kwa kawaida hutajwa kumwonya mgonjwa kwa ajili ya nafsi yake. Katika kamba ya mlimani ina ukali zaidi, kwa kuwa kilio kinaweza kutoka katika nyumba ya mtu mwingine.

Lakini haiwi haki kumlaumu mficha maradhi bila kuuliza ni nani aliyemfundisha kuficha. Nchini Marekani, mpaka miaka ya 1970, iliwezekana kisheria kumkataza mwenye kifafa kuingia katika nyumba za chakula na za michezo ya kuigiza. Katika vijiji vingi vya Afrika sahani yake hutengwa mpaka leo, kwa sababu watu hudhani mate yake yanaambukiza, jambo lisilo na ukweli wowote. Msichana akiposwa, nduguye mwenye kifafa husitirika chumba cha nyuma. Jamii inayomwadhibu msema kweli haina uso wa kumhukumu msema uongo. Kama chama cha wapanda milima humfukuza kila anayejieleza, bila kuuliza kifafa chake ni cha namna gani na kimetulia kwa miaka mingapi, basi chama hicho hakikuondoa wenye kifafa mlimani. Kimeondoa wakweli tu, kikabaki na wafichaji. Wajibu wa ukweli una pande mbili: mgonjwa ana wajibu wa kusema, na wenzake wana wajibu wa kuwa watu wanaoweza kuambiwa.

Lipo pia swali la ushujaa. Aristotle alifundisha kwamba ushujaa ni wastani kati ya woga na ujasiri wa kupita kiasi, na kwamba asiyeogopa kitu chochote, hata tetemeko la ardhi au mawimbi, si shujaa, bali ana kasoro. Kwa mafundisho hayo mwenye kifafa anayepanda kwa kuwa haogopi hastahili sifa. Anayestahili ni yule anayeogopa kwa kadiri ya haki, akajua anachoogopa, akapima anachokitafuta, kisha akaenda. Na mizani ile ile humpa sifa mtu mwingine ambaye hakuandikwa katika magazeti: yule aliyepima, akaona uzito umezidi, akaning'iniza kamba yake ukutani. Dunia hushangilia anayeendelea na kumsahau anayeacha. Hii ni dhuluma. Kuacha kitu kilichokuwa nusu ya maisha, bila makofi, bila nishani, kwa ajili ya watoto wanaolala chumba cha pili, kwaweza kuhitaji moyo mkubwa kuliko maili 430 za theluji.

Na hapa mkwezi wa minazi wa pwani anastahili kutajwa. Yeye naye aweza kuwa na kifafa, na mnazi wake ni mrefu kama jabali. Hapandi kwa mapenzi ya hatari. Anapanda kwa sababu nazi haziteremki zenyewe na watoto wanataka kula. Hapana mwanafalsafa aliyeandika juu ya uhuru wake. Watu humwambia asipande, na ni shauri jema. Lakini wanaomwambia hawampi kazi ya chini. Yule wa mlimani ana hiari, na kwa hiyo ana hesabu ya kutoa. Yule wa mnazini ana haja, na hesabu yake iko juu ya wale waliomwacha na mnazi peke yake. Mabishano juu ya haki ya kuhatarisha maisha huwa anasa, kama hayakufuatana na wajibu wa kuwaondolea hatari wale ambao hawakuitaka.

Hukumu gani basi hufuata? Haiwezi kuwa katazo la jumla, kwa sababu kifafa si kimoja, mchezo si mmoja, na mtu si mmoja. Wala haiwezi kuwa ruhusa ya jumla, kwa sababu uhuru wa mtu hauendi mbali kuliko kamba yake. Mwenye kifafa anaweza kuendelea na mchezo wa hatari kwa haki ikiwa ameujua ugonjwa wake kama baharia anavyoijua mikondo. Ikiwa amewaambia wote watakaolipa gharama ya kuanguka kwake. Ikiwa amekubali wengine wamshike katika saa asizoweza kujishika. Na ikiwa hakubali kushika roho ya mwenzake katika saa hizo hizo. Asiyeweza kuyatimiza hayo ataacha, au atabadili: mwenye kupanda jabali atapanda mahali ambapo kamba imefungwa juu na mshikaji ni mwingine, mwenye bahari atabaki katika maji ambayo mkono wa mwenzake unafika. Watu wengi hufanya hivyo, na hawajapungukiwa na utu wao.

Hata hivyo masharti hayo hayamalizi swali. Yuko mtu aliyeyatimiza yote. Ametumia dawa yake, amelala usingizi wake, amewaambia wenziwe, na wenziwe wamekubali. Nyumbani wako mume na watoto watatu ambao hawakubali. Wao hawamo katika kamba, lakini wamefungwa nayo. Mill hana neno la kutosha kwa watoto hao, wala tabibu hana kipimo cha machozi yao. Anaweza kuwaambia kwamba mama anayekaa nyumbani kwa nguvu si mama yule waliyemjua. Wanaweza kumjibu kwamba mama aliyekufa si mama kabisa. Kauli zote mbili ni kweli, na hapana wa tatu awezaye kuzipatanisha kwa niaba yao. Jambo moja tu laweza kudaiwa: mazungumzo hayo yafanyike mezani, mchana, kabla viatu havijavaliwa, si mlangoni, wala si kando ya kitanda cha hospitali.